Volani ya mchezo haitoi dereva, lakini ikirekebishwa vizuri inaweza kusaidia vijana wa Kalemie

Kwa miaka mingi, katika nyumba za michezo ya video za mji wetu wa Kalemie, mchezo ulikuwa mmoja: kabumbu. Vijana wawili, maneti mbili, na kelele za wale wanaongoja zamu. Siku hizi kuna kitu kingine kinachoonekana hapa na pale: volani, yaani usukani, iliyofungwa juu ya meza, na pedali zake chini. Kijana anaketi, gari linatokea kwenye televizyo, anaanza kuendesha.

Juu ya volani hiyo ninasikia maneno ya pande mbili. Wazazi wengi wanasema ni njia mpya ya kula pesa ya mtoto. Wenye nyumba za mchezo wanajibu: "Hapana, mama, hapa mtoto anajifunza gari." Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinasema bila kuangalia kifaa chenyewe. Volani iliyorekebishwa vizuri inafundisha mikono na miguu mambo ya kweli. Volani iliyofungwa ovyo inafundisha uwongo, na kijana atabeba uwongo huo mpaka siku atakapokaa ndani ya gari la kweli, mbele ya watu wanaovuka avenue Lumumba. Ndiyo sababu nimeona vizuri tuzungumze juu ya jambo hili.

Kwa nini linatuhusu

Katika mji wetu, kazi ya udereva ni kati ya zile ambazo kijana aliyemaliza masomo ya sekondari anaweza kuitamani bila kuwa na diploma kubwa. MONUSCO iliondoka Tanganyika mwaka 2022, lakini mashirika ya misaada bado yana magari, wafanyabiashara wana malori, na serkali ya jimbo ina jeep zake. Anayetafuta dereva hamuulizi kijana kama anapenda gari. Anampa funguo na kumwambia: "Twende." Mara nyingi gari lenyewe ni jeep ya vitesi vya mkono.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Magari mengi madogo yanayoingia kwetu yalitoka Japani, yakapita Dar es Salaam na Kigoma, yakavuka ziwa. Mengi ni otomatiki, na volani yake iko kuume, wakati sisi Wakongomani tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kijana anajifunza kwenye gari la mjomba lenye pedali mbili. Siku ya jaribio anakuta pedali tatu. Mota inazima mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mwenye gari anaomba funguo zake.

Shule za udereva zipo. Lakini tufanye hesabu rahisi. Wanafunzi sita ndani ya gari moja kwa saa moja: kila mmoja anapata dakika kumi. Toa muda wa kubadilisha viti na wa kupata gari lililozima, hazibaki hata nane. Mafuta ni ghali, na monita hawezi kuacha mwanafunzi arudie kosa moja mara arobaini. Lakini mguu wa kushoto hauwezi kujua ambreyaji, ambayo wengine wanaiita klachi, bila kurudia mara arobaini.

Kurudia ndiko volani ya mchezo inakoweza. Inakunywa umeme kidogo tu, haiunguzi diski za ambreyaji, haigongi ukuta wa jirani. Nchini Ufaransa, shule nyingi za udereva zina simulata, na sheria inakubali sehemu ya masaa ya mafunzo ifanyike juu yake. Marubani wa ndege duniani kote wanajifunza hivyo. Lakini angalieni jambo moja: kabla ya masaa ya rubani kuhesabiwa, simulata yenyewe inapimwa na wakuu wa usafiri wa anga, kuona kama inafanana na ndege ya kweli. Kwanza wanapima mashine, halafu wanapima mtu. Hapa kwetu tunataka kuruka hatua hiyo ya kwanza.

Kwanza, hesabu pedali na uliza juu ya mota

Si kila volani ni volani. Kuna zile za bei ndogo zinazozunguka digrii 180 au 270 tu, hazina mota ndani, zina springi inayorudisha katikati. Hizo ni za kuchekesha watoto, na hakuna ubaya, mradi mtu asiseme zinafundisha gari. Kuna zingine zenye mota lakini zinauzwa na pedali mbili peke yake, kama Thrustmaster T150 ya kawaida. Kwa kijana anayetafuta kujua ambreyaji, hiyo haimsaidii.

Kati ya zile zinazojulikana zaidi ni Logitech G29, iliyotoka mwaka 2015. Inakwenda na PlayStation na kompyuta, inazunguka digrii 900, ina mota mbili ndani na pedali tatu. Ilipotoka, bei yake Marekani ilikuwa dola 400 hivi. Leo ile ya mitumba inapatikana kwa bei ya chini zaidi. Lakini kishikio cha vitesi kinauzwa kando, na hapo ndipo wengi wanapofunga mkoba. Matokeo yake kijana anabadilisha vitesi kwa vidole, na zile bawa ndogo nyuma ya volani, kama dereva wa Formula 1. Pedali ya kushoto inabaki pambo. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mchezo anayesema "tunafundisha", swali la kwanza la mzazi liwe hili: "Kishikio cha vitesi kiko wapi?"

Pili, kiti na meza

Nilichoona mara nyingi ni hiki: volani juu ya meza ya mbao, kiti cha plastiki, pedali juu ya sima laini. Kijana anakanyaga freni, pedali zinateleza mbele, kiti kinarudi nyuma. Baada ya siku mbili anajifunza kukanyaga polepole ili asianguke. Yaani kifaa kimemfundisha kuogopa freni. Je, mtoto akitokea mbele ya gari la kweli, mguu wake utafanya nini?

Dawa yake haihitaji dola nyingi. Seremala wa mtaa anaweza kutengeneza fremu ya mbao: ubao mmoja chini, pedali zimefungwa juu yake kwa skrubu, na ubao huo umeshikamana na miguu ya meza na kiti. Kiti kizuri zaidi ni kile cha gari bovu kutoka gereji, kwa sababu kiko chini na miguu inakwenda mbele kama ndani ya gari. Kwenye kiti cha plastiki mtu anakanyaga kutoka juu, kama anayekanyaga udongo wa matofali, na kisigino hakipati pa kukaa.

Kupima umbali ni rahisi. Mgongo ugusane na kiti, mkono unyooshwe: kifundo cha mkono kifike juu ya volani bila bega kuacha kiti. Kisha kanyaga ambreyaji mpaka mwisho: goti libaki limekunjwa kidogo. Mguu ukinyooka kabisa, uko mbali. Goti likigonga meza, uko karibu mno. Vijana wetu hawana urefu mmoja, kwa hiyo kiti kiweze kusogea. Kama hakisogei, kimepimwa kwa mtu mmoja tu, mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe.

Tatu, izunguke kama gari

Volani ya gari la kawaida inazunguka karibu mara tatu kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kuume. Digrii 900 ni mizunguko miwili na nusu, kwa hiyo tuko karibu. Lakini nyumba nyingi zinapunguza mpaka 270 au 360, kwa sababu wateja wanalalamika: "Yaya, gari hili ni zito, halikati kona." Wakiipunguza, gari linakata kona kwa kusogeza mikono kidogo, kijana anafurahi, anarudi kesho.

Ninaelewa biashara. Lakini kijana aliyezoea digrii 270 akikaa ndani ya jeep ya kweli atakata kona nusu, na nusu iliyobaki ataikuta shimoni. Mikono inapaswa kujifunza kupokezana: huu unavuta, huu unapokea. Kwenye kompyuta, programu ya Logitech inayoitwa G HUB inaruhusu kuchagua digrii, mpaka 900. Iweke 900 na uiache hapo. Kisha hakiki kwa macho: zungusha volani robo, angalia volani ya gari kwenye kioo kama nayo imezunguka robo. Kama mkono wako unakwenda robo na ile ya kwenye kioo inakwenda nusu, mashine inakudanganya.

Nne, nguvu ya mota isizidi

Sifa kubwa ya volani hizi ni mota inayosukuma mikono. Tairi zikishika, volani inakuwa ngumu. Zikianza kuteleza, inalegea ghafla. Huo ulegevu ni habari ya maana sana: gari linakuambia kwamba barabara imekuponyoka. Anayejua barabara ya Bendera wakati wa mvua anaelewa ninachosema.

Sasa, vijana wanapenda nguvu iwe juu kabisa, asilimia mia, ili volani ipige mikono. Sisi wa redio tunajua kosa hilo. Ukipandisha mikro kupita kiasi, sauti haiwi kubwa zaidi. Inapasuka, na mnong'ono na kelele vinatoka sawasawa. Volani nayo ni hivyo. Mota ya G29 ni ndogo. Mchezo ukiiomba nguvu kuliko ile inayo, inatoa kipimo chake cha mwisho na kubaki hapo. Kona ndogo na kona kubwa zinakuwa na uzito mmoja, na ule ulegevu wa tairi zinazoteleza hausikiki tena. Kijana anafikiri ana volani ya wanaume, kumbe ana redio iliyopasuka.

Shusha nguvu polepole, endesha kona moja ileile, mpaka usikie tofauti kati ya kupita taratibu na kupita kwa mbio. Hapo simama. Itaonekana laini, na hakuna ubaya: magari mengi ya leo yana volani laini.

Tano, freni na ambreyaji

Kwangu mimi, hapa ndipo pa maana kuliko yote. Ndani ya gari la kweli, freni inajibu nguvu ya mguu: unavyosukuma zaidi, ndivyo linavyoshika. Pedali za bei ya kawaida zinapima kitu kingine: mguu umeshuka umbali gani. Logitech iliweka kipande cha mpira ndani ya freni ya G29 ili mwisho wake uwe mgumu na ufanane kidogo na kweli. Wateja wengi duniani walilalamika kwamba ni ngumu mno, na wengine wanautoa mpira huo. Kwa mtoto wa miaka kumi ninakubali. Kwa kijana anayesema anajifunza gari, mpira ubaki mahali pake. Kuna pedali za bei ya juu zinazopima nguvu yenyewe, lakini hizo si za mfuko wetu, na hatuzihitaji ili kuanza.

Ambreyaji ina swali lake. Michezo mingi ya mbio haizimi mota hata ukiachia ambreyaji kwa pupa. Gari linaruka na kwenda. Mwanafunzi wa namna hiyo anajifunza kwamba mguu wa kushoto hauna kazi. Kwa hiyo usiangalie volani peke yake, angalia na mchezo. Gran Turismo ni nzuri kwa mbio, na hata ina mitihani yake ya leseni, lakini inafundisha mwendo wa uwanjani. Kwenye kompyuta kuna City Car Driving, iliyotengenezwa kwa wanafunzi wa udereva: kuna taa, watu wanaovuka, magari mengine, na ukiachia ambreyaji vibaya, mota inazima. Unachagua pia upande wa barabara. Sisi tuchague kuume, tusije tukawafundisha watoto wetu sheria za Kigoma.

Umeme na vumbi la kwetu

Vitabu vinavyotoka na volani hizi havikuandikwa kwa ajili ya Kalemie. Umeme wetu unatoka Bendera, na kila mmoja anajua unavyokuja na kwenda. Volani inapowashwa, inajizungusha yenyewe kushoto na kuume ili itafute katikati. Wakati huo mikono isiiguse. Umeme ukikatika na kurudi, inaanza upya, na kijana mwenye haraka anaikamata kabla haijamaliza. Basi katikati yake inapinda, na siku nzima kila mteja anaendesha gari linalovuta upande mmoja. Nimeona vijana wakilaumu gari la kwenye mchezo, wakati ilitosha kuzima, kuwasha, na kungoja kidogo. Baada ya hapo kanyaga kila pedali mara moja mpaka mwisho, ili mashine ijue mwisho uko wapi.

Vumbi nalo lina kazi yake. Ndani ya pedali kuna sehemu ndogo inayosugua ili kupima mguu ulipofika. Ikichafuka, freni inarukaruka: hujakanyaga, lakini gari linashika freni lenyewe. Fundi wa redio wa mtaa anajua namna ya kusafisha sehemu hiyo, kwa sababu inafanana na ile ya kupandisha sauti kwenye redio za zamani ambayo ikichafuka inakwaruza. Usitupe pedali. Mpelekee fundi. Na jioni, funika kwa kitambaa.

Jinsi ya kupima: mambo matatu

Mzazi, au wewe kijana unayelipa, fanya hivi kabla ya kusema volani fulani ni nzuri.

Moja: fungua ukurasa wa mchezo unaoonyesha pedali kwa mistari. Kanyaga freni nusu na ushike hapo. Mstari usimame nusu, usitetemeke. Achia: urudi sifuri. Fanya hivyo kwa pedali zote tatu.

Mbili: endesha kwenye barabara iliyonyooka, achia volani kidogo. Gari liende mbele. Likienda kushoto au kuume kila mara, zima na uwashe upya.

Tatu, na hii inapima mtu pamoja na mashine: zunguka njia moja mara tano na uandike muda wa kila mzunguko. Usitafute mzunguko wa haraka kuliko yote. Angalia kama mitano inafanana. Kijana mwenye mizunguko mitano inayokaribiana ana mguu unaojua unachofanya. Mwenye mmoja wa ajabu na minne ya kugonga ukuta amebahatisha. Ningependa nyumba zetu za mchezo ziandike ukutani majina ya wanaofanana na wenyewe, badala ya kuandika anayekimbia kuliko wote. Barabarani tunahitaji wa namna ya kwanza.

Yale ambayo volani haiwezi

Watakaonipinga watasema: kuna watu waliotoka kwenye mchezo wakawa madereva wakubwa. Ni kweli. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mashindano ya GT Academy ya Nissan na Sony mwaka 2011, akitokea kwenye Gran Turismo nyumbani. Mwaka 2013 alikuwa katika timu iliyomaliza ya tatu katika kundi lake kwenye masaa 24 ya Le Mans. Filamu yake ilitoka mwaka 2023, na vijana wengi wameiona.

Lakini tusome hadithi yote. Mwezi wa tatu mwaka 2015, kwenye uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, gari la Mardenborough lilinyanyuka hewani, likavuka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki. Filamu imeweka ajali hiyo kabla ya Le Mans, lakini ukweli ni kwamba ilikuja baadaye, alipokuwa tayari dereva wa kazi. Simsemi vibaya. Ninasema tu kwamba hata yule aliyefundishwa na wakubwa, baada ya kuachana na kioo kwa miaka, alikutana na jambo ambalo mchezo haulifanyi: mtu aliyekufa haamki ukibonyeza kuanza upya.

Karibu nasi kuna mfano wa kufurahisha zaidi. Safari Rally ya Kenya ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Ilipaswa kurudi mwaka 2020, korona ikazuia. Lakini mchezo wa WRC 9 uliotoka Septemba mwaka huohuo ulikuwa tayari na barabara za Kenya ndani yake. Vijana duniani wakaendesha Safari kwenye kioo kabla magari ya kweli hayajarudi Naivasha mwezi wa sita mwaka 2021. Waliofika huko kwa kweli wakakuta mchanga laini unaofunika mawe na kumeza magari, na mabingwa wakakwama. Kioo kilikuwa kimewaonyesha njia, lakini mchanga wenyewe waliujua siku walipoingia ndani yake.

Kwetu pia, hakuna mchezo unaoonyesha avenue yetu saa sita mchana: motari anayekupita kuume wakati umewasha taa ya kuume, mama mwenye beseni la ndagala kichwani, wanafunzi wanaotoka shule wakiwa wamejaa barabara nzima, lori lenye watu juu ya mizigo. Televizyo moja haina pembeni. Ndani ya gari inabidi kugeuza shingo, na volani haifundishi shingo. Haifundishi pia woga, na dereva asiye na woga kidogo ni hatari kwa wote.

Ninachoomba

Kwa wenye nyumba za michezo: funga fremu ya mbao, tafuta kiti cha gari, weka digrii 900, shusha nguvu, nunua kishikio cha vitesi. Baada ya hapo andika mlangoni: "Mazoezi ya volani na pedali." Usiandike "shule". Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na volani ya namna hii nyumbani. Leseni bado inapatikana kwa mtihani na gari la kweli, na hakuna karatasi ya nyumba ya mchezo inayochukua nafasi yake.

Kwa shule za udereva: msione volani hizi kama adui wa biashara yenu. Shule mbili zikiungana kununua seti moja, mwanafunzi anaweza kukanyaga ambreyaji mara mia kabla ya kugusa gari lenu. Gari litadumu, mafuta yatapungua, na zile dakika kumi za barabarani zitatumika kwa yale ambayo volani haiwezi: vioo, shingo, watembea kwa miguu. Na monita awe pale pembeni, asimwache kijana peke yake na televizyo.

Kwa wakuu wa usafiri wa jimbo: ikiwa siku moja mtakubali masaa ya volani yahesabiwe, anzeni kwa kupima mashine, kama wanavyofanya kwa ndege. Mnaweza kuandika ukurasa mmoja: pedali tatu, kishikio cha vitesi, digrii zisizopungua 900, pedali zilizofungwa zisizoteleza, mchezo unaozima mota. Haihitaji tume kutoka Kinshasa kuhesabu pedali.

Kwa wazazi: msikataze bila kuona, na msilipe bila kuona. Ingieni ndani, kaeni kwenye kiti, kanyageni freni. Kiti kikirudi nyuma, rudini nyumbani na pesa yenu.

Na wewe kijana unayesoma kwenye simu yako ukingoja zamu: mizunguko yako mitano ya mwisho ilifanana?